Chaji ya magari ya umeme: hesabu ya nyumbani na hesabu ya kituo

Yuniti moja ya umeme kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, yule wa daraja la T1, ni Sh. 292 kabla ya kodi na tozo. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini ya asilimia 3 na ile ya EWURA ya asilimia 1, mnunuzi wa LUKU anafikia Sh. 356. Bei hiyo ilianza kutumika mwaka 2016, na ndiyo inayowavuta wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam kuulizia magari na bajaji za umeme.

Hesabu ya haraka haraka inapendeza. Chukua Nissan Leaf iliyotumika Japani, yenye betri ya yuniti 40. Mwenye gari hangoji betri iishe kabisa. Anaichaji kutoka asilimia 20 hadi 80, yaani anaingiza yuniti 24. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto wakati wa kuchaji, mita ya nyumbani itasoma kama yuniti 27. Hizo ni Sh. 9,600. Kwa foleni za jijini na kiyoyozi kikiwaka, yuniti 24 zinampeleka kilomita 130 hivi. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita litahitaji lita 10.8 kwa mwendo huo huo. Tukiweka Sh. 2,800 kwa lita kama mfano (msomaji aweke bei ya kikomo ya EWURA ya mwezi huu), ni Sh. 30,300. Tofauti ni zaidi ya Sh. 20,000 kila kilomita 130.

Hesabu hii ni ya kweli, lakini ni ya mtu mmoja: mwenye nyumba yake, mita yake, na mahali pa kulaza gari ndani ya ua. Kwa mpangaji wa fleti, kwa dereva wa bajaji anayelala chumba kimoja, na kwa mwekezaji anayetaka kuweka mashine ya chaji penye kituo chake cha mafuta, hesabu zinabadilika, na mara nyingine zinageuka kabisa. Tuzichukue moja moja.

Yuniti na kilowati

Kwanza tuelewane juu ya maneno mawili yanayochanganywa sana na wauzaji. Yuniti ni kiasi cha umeme, kama lita za maji zilizomo kwenye tangi. Kilowati ni unene wa bomba linalojaza tangi hilo. Betri hupimwa kwa yuniti. Chaja hupimwa kwa kilowati. Chaja ya kilowati 2 ikifanya kazi saa moja inaingiza yuniti 2, na ya kilowati 50 inaingiza yuniti 50 kwa saa hiyo hiyo iwapo betri itakubali. Muuzaji akikuambia mashine yake ni "kubwa", muulize kilowati ngapi. Akikuambia betri ni "kubwa", muulize yuniti ngapi. Kwa bajaji na pikipiki ambazo betri yake imeandikwa volti na ampia-saa tu, zidisha namba hizo mbili ugawe kwa 1,000: volti 60 mara ampia-saa 100 ni yuniti 6.

Jambo la pili ni kwamba umeme wa ukutani si wa aina ile inayokaa ndani ya betri. Lazima ugeuzwe kwanza. Gari linapochajiwa nyumbani, kazi ya kugeuza inafanywa na chaja ndogo iliyofungwa ndani ya gari lenyewe. Kile kiboksi cha ukutani ambacho watu hukiita chaja kwa kweli ni swichi yenye akili na kinga; hakigeuzi kitu. Katika mashine kubwa za barabarani mgeuzo unafanyika ndani ya mashine, na umeme unaingia kwenye betri moja kwa moja. Ndiyo maana mashine hizo ni kubwa kama friji na bei yake ni ya kuogopesha.

Matokeo yake kwa mnunuzi ni haya: ukinunua kiboksi cha kilowati 7 na chaja ya ndani ya Leaf yako ni ya kilowati 3, gari litapokea 3. Pesa ya ziada umeiacha dukani. Leaf za Japani ziko zenye chaja ya kilowati 3 na zenye kilowati 6, na tangazo la mnada mara nyingi halisemi ni ipi. Uliza kabla ya kutuma fedha.

Nyumbani

Soketi yetu ya kawaida ya pini tatu imetengenezwa kwa ampia 13, yaani karibu kilowati 3. Lakini haikutengenezwa kubeba mzigo huo kwa saa 12 mfululizo. Waya wa dharura unaokuja na gari kwa kawaida hupunguzwa hadi ampia 8 au 10 kwa sababu hiyo. Kwa ampia 10 unapata kilowati 2.3, na zile yuniti 27 zinachukua saa 12 kasoro kidogo. Ukirudi nyumbani saa 1 jioni, utaondoka saa 1 asubuhi. Kwa mtu anayekwenda Posta na kurudi Mbezi, hiyo inatosha kabisa, na si lazima achaji kila siku.

Wanaotaka kasi zaidi hufunga kiboksi cha ampia 32, kilowati 7 na ushei kwa fezi moja. Hapa ndipo fundi anapohitajika, fundi wa kweli. Ampia 32 kwa saa nne au tano ni sawa na birika tatu za umeme zinazochemka bila kuzimwa. Mstari huo unataka waya wake wenyewe kutoka kwenye bodi, usiopungua milimita 6 za mraba na mnene zaidi kama ua ni mrefu, breka yake yenyewe, kinga ya kukata umeme unapovuja, na ethi iliyopimwa. Nyumba nyingi za zamani zina nondo ya ethi iliyokwisha kuliwa na kutu, na mwenye nyumba hajui. Kiboksi kizuri kitakataa kuwaka penye ethi mbovu. Wapo mafundi ambao "hurekebisha" tatizo hilo kwa kukidanganya kiboksi. Mtu wa namna hiyo mfukuze.

Waya wa kurefushia, ule wa kuvutia umeme wa sherehe, usitumike kabisa. Huanza kupata joto kwenye plagi, plastiki inakuwa ya kahawia, na siku moja inawaka usiku watu wamelala.

Umeme ukikatika gari halidhuriki. Chaji inasimama na huendelea ukirudi. Kinachosumbua zaidi ni umeme mdogo wa jioni katika mitaa yenye transfoma iliyozidiwa, ambapo volti hushuka na kasi ya chaji hushuka nayo. Kuchaji baada ya saa 5 usiku kunasaidia, kwako na kwa jirani anayetazama taa zake zikififia.

Sasa suala la daraja la umeme, ambalo limewaangusha wenye bajaji. Nyumba ndogo iliyo daraja la D1 inalipa Sh. 100 kwa yuniti, bila kodi, mradi isizidi yuniti 75 kwa mwezi. Kila yuniti ya juu ya hapo ni Sh. 350. Mwenye bajaji ya betri ya yuniti 6 akiichaji usiku, mita inasoma kama yuniti 7, na kwa siku 26 za kazi ni yuniti 182. Tuseme nyumba yake ilikuwa inatumia yuniti 60. Alipopiga hesabu ya biashara aliweka Sh. 122 kwa yuniti pamoja na kodi, akapata Sh. 22,000 kwa mwezi. Lakini yuniti 15 tu ndizo zitakazobaki kwenye bei ya chini. 167 zinaingia kwenye Sh. 350. Gharama halisi ya bajaji inakuwa karibu Sh. 73,000 kwa mwezi pamoja na kodi. Na akiendelea hivyo atahamishiwa T1, ambapo hata yuniti zake 60 za taa na televisheni zitapanda kutoka Sh. 100 hadi Sh. 292. Bajaji bado inaweza kumlipa, maana petroli ya mwezi ni zaidi ya hiyo, lakini aliyekopa kwa hesabu ya Sh. 22,000 atapata shida na marejesho.

Kwa wapangaji wanaochangia LUKU moja, ugomvi ni wa uhakika. Dawa ni mita ndogo ya kati, inayopatikana kwa mafundi, ikifungwa kwenye mstari wa bajaji peke yake. Mwenye nyumba anasoma, dereva analipa alichotumia. Ni kitu kidogo, lakini kimeshinda makubaliano ya mdomo mahali pengi.

Soketi ya gari: kosa la bei kubwa

Katika mambo yote ya chaji, hili ndilo linalomfilisi mwagizaji. Magari ya umeme duniani hayana soketi ya aina moja.

Gari la Japani, na hapa tunasema hasa Leaf iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, lina mashimo mawili mbele. Dogo ni la chaji ya polepole, aina ya kwanza inayotumika Japani na Marekani. Kubwa ni la chaji ya haraka, mtindo uitwao CHAdeMO, uliobuniwa na Wajapani wenyewe. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya lina shimo moja: juu mashimo saba ya aina ya pili kwa ajili ya nyumbani, chini mashimo mawili makubwa ya chaji ya haraka, mtindo uitwao CCS2. Magari ya Kichina ya kuuzwa nje, kwa mfano BYD Dolphin na Atto 3 za usukani wa kulia, nayo huja na CCS2. Lakini gari la Kichina lililotengenezwa kwa soko la ndani la China, likanunuliwa huko na dalali na kuletwa huku, lina mtindo wa Kichina wa GB/T kwa nyumbani na kwa barabarani. Soketi ya polepole ya GB/T inafanana kwa macho na ile ya Ulaya, ila ya kike na ya kiume zimebadilishana, haziingiani.

Kwa chaji ya nyumbani tofauti hizi si tatizo kubwa. Unanunua waya wenye kichwa kinachofaa gari lako, au adapta, na kazi inaendelea. Angalia tu maandishi kwenye waya wa Kijapani: ulioandikwa volti 100 peke yake usichomekwe kwenye soketi zetu za volti 230.

Kwa chaji ya haraka tatizo ni kubwa. Gari na mashine huzungumza kabla umeme haujapita, na kila mtindo una lugha yake. Adapta za kugeuza CCS2 kuwa CHAdeMO zimeanza kupatikana kutoka China, ni za kielektroniki, bei yake si ya mchezo, na mashine nyingine huzikataa. Dunia imekwisha kuchagua njia nyingine. Ulaya iliweka mtindo wake katika sheria mwaka 2014, na Nissan wenyewe walipopeleka gari lao la Ariya Ulaya waliliwekea CCS2. Huko Marekani kampuni ya Ford ilitangaza Mei 2023 kwamba inahamia soketi ya Tesla, na wengine wakafuata. CHAdeMO imebaki na Japani na magari yaliyotumika yanayotoka huko, ambayo ndiyo tunayoyapata sisi kwa bei nafuu.

Kwa hiyo mnunuzi wa Leaf ajihesabu kuwa mteja wa chaji ya nyumbani. Akipata mashine yenye CHAdeMO barabarani ashukuru, lakini asinunue gari kwa kuitegemea. Na mwekezaji wa kituo ajue kwamba mashine ya kichwa kimoja cha CCS2 itawaacha nje wenye Leaf, na ya CHAdeMO peke yake itakuwa chuma chakavu siku magari ya Kichina yakiwa mengi. Mashine zenye vichwa viwili vya mitindo tofauti zipo, na kwa soko letu ndizo za kuulizia.

Tukiwa bado kwenye Leaf: betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji kama ya magari mengi mapya. Inategemea hewa. Joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huizeesha mapema kuliko baridi ya Hokkaido, na ikichajiwa haraka mara mbili au tatu kwa siku moja hupata moto na kupunguza yenyewe kasi ya kupokea. Kwenye dashibodi kuna kipimo cha vijiti 12 vidogo kinachoonyesha afya ya betri, tofauti na kile cha kiasi cha chaji. Kijiti cha kwanza kikipotea, betri imekwisha kupungua karibu asilimia 15. Gari lenye vijiti 8 lililouzwa kwa bei "ya kutupa" linaweza kuwa la kwenda sokoni na kurudi tu. Dai picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, na picha ya soketi kifuniko kikiwa wazi.

Barabarani: unauziwa kasi

Mashine ya umma ya haraka huanzia kilowati 30 au 50, na zipo za 60, 120, 180 na kuendelea. Leaf inapokea kama 50 kwa juu kabisa, kwa hiyo ukiichomeka kwenye mashine ya 180 haiongezi hata dakika. Kutoka asilimia 20 hadi 80 tegemea dakika 40 hadi saa moja. Ukipita 80 kasi inashuka sana, kwa sababu betri inajilinda. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda sawa na zile 60 za kwanza. Mteja anayekaa hadi 100 kwenye mashine ya haraka anajipotezea muda, na anamzuia aliye nyuma yake.

Kituo kinaweza kutoza kwa yuniti au kwa dakika. Kwa mwenye gari la zamani linalopokea kilowati 20, malipo ya dakika ni maumivu: analipa sawa na mwenye gari jipya na kupata nusu ya umeme au chini yake. Penye chaguo, aende kwa yuniti.

Bei ya kituo ikoje? Msomaji anaweza kujiwekea mipaka miwili. Chini ni Sh. 356, bei ya LUKU, ambayo hakuna kituo kitakachoweza kuuza kwayo na kuishi. Juu ni petroli. Katika mfano wetu wa kilomita 130, petroli ilikuwa Sh. 30,300, na kwa chaji ya barabarani gari litahitaji kama yuniti 25. Gawanya, unapata kama Sh. 1,200 kwa yuniti. Kituo kikitoza zaidi ya hapo, mwenye gari la umeme amelipa kuliko mwenzake wa petroli na amesubiri zaidi. Biashara yote ya chaji ya umma ya magari madogo imebanwa kati ya namba hizo mbili, na petroli ikishuka dari nalo linashuka.

Hesabu ya mwekezaji

Wapo wenye kiwanja kizuri, au kituo cha mafuta, au baa yenye maegesho, wanaofikiria kuweka mashine. Gharama ya mashine na kuvuta laini kila mtu anaiona kwenye ankara. Gharama isiyoonekana imo kwenye jedwali la bei za umeme.

Daraja la T1 linaishia yuniti 7,500 kwa mwezi. Anayezidi anaingia T2, ambako yuniti ni Sh. 195 tu kabla ya kodi. Wengi husoma namba hiyo na kufurahi. Wasichosoma ni mstari wa chini yake: Sh. 15,004 kwa kila kVA ya mzigo wa juu kabisa uliofikiwa katika mwezi, pamoja na Sh. 14,233 za huduma. Mzigo wa juu hauhesabiwi kwa wastani. Ukifikiwa mara moja tu, jioni moja ya Ijumaa, unalipiwa mwezi mzima.

Mashine moja ya kilowati 60 itavuta kama kVA 65. Hizo ni Sh. 975,260 kila mwezi, iwe imechaji magari mia tatu au matatu. Tuseme kituo kinauza yuniti 9,000 kwa mwezi, sawa na magari 12 kwa siku, kila moja yuniti 25. Umeme ni Sh. 1,755,000, ongeza mzigo na huduma, jumla Sh. 2,744,493, au Sh. 305 kwa yuniti kabla ya kodi. Sasa mwekezaji huyu akanunua mashine ya pili ili wateja wasipange foleni, na siku moja zote mbili zikafanya kazi kwa pamoja. Mauzo ni yale yale 9,000, lakini mzigo umekuwa kVA 130. Yuniti imepanda hadi Sh. 413. Foleni ya nusu saa iliyoepukwa imemgharimu karibu milioni moja kwa mwezi.

Njia ya kuepuka hili inajulikana: mashine moja yenye vichwa viwili vinavyogawana kilowati 60, gari la pili likifika kila moja linapata 30. Wateja wanangoja kidogo zaidi wakinywa soda, na mita haipandi.

Je, T2 inaanza lini kuwa nafuu kuliko T1? Tofauti ya yuniti ni Sh. 97. Ili kufidia Sh. 989,493 za mzigo na huduma, kwa mashine ya kilowati 60, unahitaji kuuza kama yuniti 10,200 kwa mwezi. Kwa siku ni 340, yaani mashine ifanye kazi kwa nguvu zote karibu saa sita kila siku, Jumapili ikiwamo. Kwa idadi ya magari ya umeme yaliyopo Dar es Salaam, sioni mashine ya magari madogo ikifikia hapo hivi karibuni. Anayebaki chini ya yuniti 7,500 anabaki T1 kwa Sh. 292 bila malipo ya mzigo, na kwa mwanzo hapo ndipo pa kukaa.

Kuna njia ya unyenyekevu zaidi ambayo haipati matangazo. Hoteli, ofisi, kanisa au soko lenye watu wanaoegesha saa nne au zaidi halihitaji mashine ya haraka. Viboksi vinne vya kilowati 7 vinabeba kilowati 28 vikijaa vyote, vinagharimu sehemu ndogo ya mashine moja kubwa, na gari la mteja linaondoka na yuniti za kutosha kurudi nyumbani. Faida ya umeme ni ndogo. Faida ni mteja aliyekaa akala chakula cha mchana.

Mashine ya haraka ina maana njiani. Leaf ya yuniti 40, hata ikijaa, haifiki Dodoma kutoka Dar es Salaam bila kuchaji katikati, na Chalinze au Morogoro ndipo mahali pa kawaida pa kusimama. Ila tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, wengi wa watu wenye uwezo wa kununua gari la umeme wamo humo.

Jirani wamefanyaje

Kenya ilianzisha mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa magari: KSh 16 kwa yuniti, na KSh 8 kwa saa za usiku, kabla ya kodi na tozo, kwa mteja asiyezidi yuniti 15,000 kwa mwezi. Nusu bei hiyo ya usiku ndiyo inayoeleza kwa nini mabasi ya umeme ya Nairobi hulala kwenye yadi yakichajiwa. Basi lina ratiba. Linajua saa ya kurudi, na mwenye yadi anaweza kupanga ni basi lipi lichomekwe saa ngapi ili mzigo usirundikane. Mita yetu ya T1 haina bei ya usiku. Kuchaji saa 8 usiku kwetu kunaisaidia TANESCO bila kumpa mteja chochote.

Rwanda iliamua mwaka 2021 kwamba vituo vya chaji vilipe umeme kwa bei ya viwanda, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali lazima ziwe za umeme. Huko, na Nairobi na Kampala, pikipiki nyingi hazichajiwi kabisa na dereva. Anafika kituoni, anatoa betri iliyokwisha, anapewa iliyojaa, anaondoka baada ya dakika chache. Betri ni mali ya kampuni. Dereva ananunua pikipiki bila betri, kwa bei ya chini, na analipia umeme kila anapobadilisha.

Kwa bodaboda asiye na mahali pa kuchaji, mpango huo unafaa. Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kununua pikipiki tano na kuwakodisha vijana, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kusaini. Bei ya kubadilisha betri inapangwa na nani, na inaweza kupandishwa kwa taarifa ya siku ngapi? Betri ya kampuni nyingine inaingia kwenye pikipiki hiyo? Kampuni ikifunga vituo mtaani kwako, pikipiki itatembea kwa nini? Ikiwa majibu yake hayamo kwenye mkataba, pikipiki zile tano zina thamani ya chuma pale betri zitakapoacha kuja. Mwenye bajaji ya betri yake mwenyewe na mita ndogo ukutani analipa zaidi mwanzoni na kusubiri usiku kucha, lakini hakuna wa kumzimia.